Wimbo Wenu Unaweza Kukodishwa: Jinsi ya Kuupeleka Kwenye Maktaba ya Muziki

Je, umewahi kutazama filamu ya wanyama wa Maasai Mara, ama tangazo la unga wa ugali, ukajiuliza ule muziki unaopigwa chini ya maneno umetoka wapi? Mara nyingi haukutungwa kwa ajili ya tangazo lile. Ulirekodiwa kitambo, ukawekwa mahali pamoja na nyimbo nyingine nyingi, na mtu wa televisheni akaenda kuuchagua kama vile seremala anavyokwenda Gikomba kuchagua mbao. Mahali hapo panaitwa maktaba ya muziki.

Mitaa ya Eastlands haina upungufu wa wanamuziki. Kundi la Kalamashaka, lililofanya watu waheshimu muziki wa kufoka kwa Kiswahili, lilitoka Dandora. Huko Korogocho, kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la St. John, mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukiwafundisha watoto kupiga fidla na tarumbeta tangu mwaka 2008. Ongeza hapo kwaya za Kaloleni na Makongeni, vikundi vya kayamba vya akina mama, na vijana wa Kayole wanaotengeneza muziki kwa kompyuta moja ya mtumba. Vipaji viko. Lakini wengi wetu tunajua masoko mawili tu: kupigwa redioni na kualikwa kwenye harusi.

Makala hii inaeleza soko la tatu. Tumeiandika kwa ajili ya vikundi vya mjini, lakini hata kikundi cha ngoma kule Kakamega au Kilifi kinaweza kuifuata, maana siku hizi wimbo hausafiri kwa basi bali kwa simu. Jambo kubwa tunalotaka mkumbuke ni hili: kutuma wimbo ni kazi ya dakika tano, lakini kujua wimbo ni wa nani ni kazi ya kikao kizima. Na kikao ndicho kinachotangulia.

MAKTABA YA MUZIKI NI NINI?

Si mahali pa kuazima vitabu. Ni kampuni inayokusanya nyimbo na vipande vya muziki, kisha inawakodishia watu wa filamu, redio, televisheni, matangazo na michezo ya kompyuta. Kazi hii si ngeni. Mwaka 1909 mwanamuziki mmoja kutoka Uholanzi, Meyer de Wolfe, alianzisha kampuni ya namna hii jijini London. Wakati huo sinema hazikuwa na sauti, kwa hiyo aliwapa wenye majumba ya sinema karatasi za muziki ili wapigaji wao wapige huku picha zikionyeshwa. Sinema zilipopata sauti, maktaba nazo zikaanza kuweka muziki uliorekodiwa. Kampuni hiyo ingali inafanya kazi.

Angalieni neno "kukodisha". Mwenye nyumba ya kupangisha Umoja hauzi nyumba kila mpangaji anapoingia. Anapokea kodi, na nyumba inabaki yake. Wimbo nao ni hivyo hivyo. Leo unaweza kutumika kwenye tangazo la benki, mwaka kesho kwenye filamu ya shule, na bado ukawa wenu.

Mfano tulio nao karibu ni wa marehemu Ayub Ogada, mpiga nyatiti. Wimbo wake "Kothbiro" ulitoka kwenye albamu yake ya mwaka 1993. Mwaka 2005, miaka 12 baadaye, ulisikika katika filamu The Constant Gardener, ambayo sehemu yake ilipigwa hapa Nairobi, Kibera. Iwe mnapitia maktaba au kampuni ya kurekodi, kanuni ni moja: wimbo uliotunzwa vizuri hupata kazi mpya hata baada ya miaka mingi.

KWA NINI KIUNGO, SI KASETI?

Zamani mtu alibeba kaseti, akapanda basi mpaka River Road au kwenye ofisi ya kampuni, akaiacha kwa karani. Ikipotea, basi. Baadaye watu walianza kutuma faili za muziki ndani ya baruapepe. Hilo nalo lilileta shida: faili ni nzito, linajaza sanduku la barua la mpokeaji, na kampuni nyingi hulifuta bila kulifungua kwa kuogopa virusi vya kompyuta.

Siku hizi maktaba nyingi zinataka kiungo, au "linki" kama vijana wanavyosema. Unauweka wimbo wako kwenye tovuti ya kuhifadhia muziki, na tovuti inakupa anwani. Unaituma anwani hiyo tu. Mpokeaji anaibonyeza, na wimbo unaanza kupigwa pale pale bila yeye kupakua kitu chochote. Akipendezwa, anakuandikia. Asipopendezwa, anafunga na kuendelea na mwingine.

Ni kama kumfungulia mtu mlango wa sebuleni aone fanicha yako. Hujampa funguo za nyumba. Ndiyo maana kiungo kina usalama kuliko kutuma faili zima kwa mtu usiyemjua.

KWANZA: WIMBO HUU NI WA NANI?

Hapa ndipo vikundi vingi huvunjikia. Wimbo unapigwa bure miaka mitano, hakuna anayeuliza. Siku pesa zinapoonekana, kila mtu ni mtunzi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kabla ya mtu yeyote kugusa simu, kaeni chini mjibu maswali haya:

1. Nani alitunga maneno na sauti? Hao ndio wenye hakimiliki ya utunzi. Kwa sheria ya Kenya, yaani Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki hiyo inaanza pale wimbo unapoandikwa au kurekodiwa, na inaendelea mpaka miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Watoto wake wanaweza kurithi.

2. Nani alipanga na kugharamia kurekodi? Hii ni haki nyingine, tofauti na ile ya utunzi. Mwenye studio akisema, "Njooni niwarekodi bure," anaweza baadaye kudai kwamba rekodi ni yake. Lipeni studio, hata kama ni kidogo, na ombeni karatasi iliyotiwa sahihi inayosema kwamba rekodi ni mali ya kikundi.

3. Nani waliimba na kupiga vyombo? Nao wana haki zao kama wasanii. Andikeni majina yote, hata ya kijana aliyeitwa siku moja tu kupiga gitaa la besi. Kama kuna watoto, wazazi wao wakubali kwa maandishi.

4. Mdundo ulitoka wapi? Vijana wengi hupakua mdundo kutoka YouTube na kuimba juu yake. Wimbo kama huo msiupeleke maktaba, mpaka muwe na karatasi ya aliyeutengeneza inayowaruhusu kuukodisha. Pia, kama mlitumia programu ya akili bandia kutengeneza sehemu ya muziki, semeni hivyo. Maktaba nyingi siku hizi huuliza swali hilo.

5. Je, ni wimbo wa kitabu? Kwaya nyingi huimba nyimbo za kitabu cha kanisa. Baadhi ni za zamani sana na hakimiliki zake zimekwisha, lakini nyingine zina wenyewe, na hata tafsiri ya Kiswahili inaweza kuwa na mwenyewe. Kama hamna hakika, pelekeni zile mlizotunga wenyewe.

6. Je, ni wimbo wa jadi? Isukuti, kwa mfano, ni ngoma ya jamii za Waluhya, na mwaka 2014 UNESCO iliiandika miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Ngoma ya namna hii haina mtunzi mmoja. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na inatambua kwamba jamii ndiyo yenye mali hiyo. Ongeeni na wazee kwanza. Msiandike "mtunzi ni sisi" kwenye jambo lililotungwa kabla babu zenu hawajazaliwa.

Mkimaliza, andikeni ukurasa mmoja kwa kila wimbo: jina la wimbo, tarehe ya kurekodi, studio, majina ya watunzi, wasanii, mwenye rekodi, na mgawo wa kila mmoja kwa asilimia. Jumla ifike 100, isipungue wala kuzidi. Kila mtu atie sahihi. Karani aweke nakala, na mweka hazina aweke nyingine.

Huenda mtu akasema, "Sisi ni ndugu, karatasi za nini?" Mjibuni kwamba karatasi ndiyo inayolinda undugu. Tazameni yaliyompata Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 alirekodi wimbo "Mbube" jijini Johannesburg. Inasemekana haki zake zilikwenda kwa shilingi 10 tu. Wimbo ule ulizunguka dunia nzima, ukageuzwa kuwa "The Lion Sleeps Tonight", ukaingia hata kwenye sinema The Lion King mwaka 1994. Linda mwenyewe alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Ni mwaka 2006, baada ya kesi, ndipo watoto wake walipofikia makubaliano ya kulipwa. Miaka 67 tangu kurekodiwa! Kilichomponza hakikuwa kukosa kipaji. Ni sahihi.

PILI: TAYARISHENI WIMBO

Anayesikiliza kwenye maktaba hupokea nyimbo nyingi kila siku. Hana muda wa kungoja. Wimbo ukianza na dakika nzima ya salamu, "Haloo Nairobi, tunawasalimu watu wa Makadara," ataufunga kabla kayamba haijalia. Wimbo wa maktaba uanze mara moja, na uzuri wake usikike katika nusu dakika ya kwanza.

Kumbukeni pia kwamba watu wa filamu mara nyingi wanataka muziki usio na maneno, kwa sababu kuna mtu anayezungumza juu yake. Kwa hiyo mkienda studio, ombeni vitu vifuatavyo siku hiyo hiyo, maana kurudi kesho ni gharama nyingine:

- wimbo kamili wenye sauti za waimbaji;
- wimbo huo huo bila waimbaji;
- kipande cha sekunde 60 na kingine cha sekunde 30, kwa ajili ya matangazo;
- kila chombo na kila sauti peke yake, iwapo mnunuzi atataka kupunguza ngoma au kuongeza gitaa.

Rekodi iwe ya faili la WAV, ambalo ndilo lenye ubora kamili. Faili la MP3 ni jepesi na linafaa kusikilizwa tu. Kurekodi kwa simu chini ya mti ni ushahidi mzuri kwamba mlikuwa na wimbo tarehe fulani, lakini maktaba haitaupokea. Kelele za matatu na jogoo wa jirani zitasikika.

Msijaribu kuiga muziki wa Marekani. Huko wanao wa kutosha. Mhariri wa filamu aliye London au Toronto anapotafuta sauti ya Nairobi, hataki gitaa la Texas. Anataka gitaa la benga, nyatiti, orutu, kayamba, chivoti, sauti za akina mama wakiitikiana. Kile mnachodhani ni cha kawaida ndicho kilicho adimu kwake.

TATU: TENGENEZENI KIUNGO

Kuna tovuti kadhaa. Inayojulikana sana na wanamuziki ni SoundCloud. Wengine hutumia Dropbox au Google Drive. Hatua ni hizi:

1. Fungueni akaunti kwa jina la kikundi, si kwa jina la mtu mmoja. Tumieni baruapepe ya kikundi. Neno la siri lijulikane na watu wawili, kwa mfano karani na mwenyekiti. Tumesikia vikundi vilivyopoteza nyimbo zao zote kwa sababu aliyejua neno la siri alihama mtaa.

2. Pakieni wimbo. Kama bando ni ghali, nendeni saiba usiku au asubuhi mapema intaneti inapokuwa na kasi. Mkimaliza hapo saiba, hakikisheni mmetoka kwenye akaunti.

3. Chagueni wimbo uwe wa faragha. Maana yake ni kwamba hauonekani na watu wote, ila wale tu waliopewa kiungo. Maktaba nyingi hupendelea wimbo ambao haujatapakaa kila mahali.

4. Zimeni ruhusa ya kupakua, isipokuwa maktaba yenyewe imeomba kupakua.

5. Andikeni maelezo ya wimbo: jina, watunzi, vyombo, kasi, na hali yake. Hali ni kama "furaha", "huzuni", "safari", "asubuhi shambani". Maneno haya ni muhimu kuliko mnavyodhani, kwa sababu mnunuzi haendi maktaba kutafuta jina la kikundi chenu. Anaandika "Afrika, ngoma, furaha" na kungoja kompyuta imletee. Wimbo usio na maelezo ni kama duka lisilo na mlango.

6. Kijaribuni kiungo. Mtumieni mtu asiye na akaunti hiyo, akifungue kwa simu yake. Kikimwomba neno la siri au kikigoma, rekebisheni. Hakikisheni pia kwamba hakiishi muda baada ya siku saba, maana huenda barua yenu ikasomwa baada ya mwezi mmoja au miwili.

NNE: ANDIKENI BARUA FUPI

Kabla ya kuandika, someni ukurasa wa maktaba unaosema wanapokeaje muziki. Wengine wana fomu. Wengine hawapokei kabisa kwa sasa. Wengine wanataka nyimbo tatu tu. Mtu akisema tatu, msimpelekee kumi na tano kwa kudhani mmemfanyia hisani.

Maktaba nyingi ziko Ulaya na Marekani, kwa hiyo barua itakuwa ya Kiingereza. Kama hamna aliye hodari, mwombeni mwalimu wa shule ya karibu awasaidie. Yaliyomo yawe kama haya:

"Sisi ni kikundi cha waimbaji wanane kutoka Kaloleni, Nairobi. Tunaimba na kupiga kayamba, ngoma na gitaa. Tunawaletea nyimbo tatu zisizozidi dakika tatu kila moja. Viungo ni hivi hapa chini. Nyimbo zote tulitunga wenyewe, rekodi ni mali ya kikundi, na kuna nakala zisizo na maneno. Tunaweza kuwatumia faili za WAV mkizihitaji. Asanteni."

Yatosha. Msieleze dhiki za mtaa, wala msiombe msaada. Hii si barua kwa mfadhili. Ni barua ya mfanyabiashara kwa mfanyabiashara mwenzake.

Methali husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika soko hili hata chema hujitembeza, maana hakuna atakayekuja Jericho kugonga mlango. Andikeni katika daftari mlituma wapi, lini, wimbo gani. Mkikaa wiki sita bila jibu, kumbusheni mara moja kwa upole. Mkikosa jibu tena, nendeni kwingine. Kunyamaziwa si kutukanwa.

TANO: SOMENI MKATABA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Maktaba ikikubali, italeta mkataba. Kuna aina tatu kubwa.

Wa kwanza ni mkataba wa kipekee. Maktaba hiyo peke yake ndiyo itakayokodisha wimbo. Hamwezi kuupeleka kwingine mpaka muda uishe. Una faida, kwa kuwa kampuni itajitahidi zaidi kuuza kitu ambacho mwingine hana. Lakini ulizeni: ni kwa miaka mingapi? Usipotumika, je, utarudi kwetu?

Wa pili ni mkataba usio wa kipekee. Mnaweza kuuweka wimbo huo huo kwenye maktaba nyingine. Ni uhuru zaidi, lakini baadhi ya wanunuzi hawaupendi.

Wa tatu ni kuuza moja kwa moja. Mnapewa pesa mara moja na wimbo unakwenda na haki zake. Huenda mkafika mahali mkaona inafaa, lakini kumbukeni Solomon Linda. Kama mnauza, mjue mnauza.

Katika sheria yetu, kumpa mtu hakimiliki au leseni ya kipekee hakufai kitu kama si kwa maandishi yenye sahihi. Kwa hiyo karatasi ina nguvu. Itafuteni sehemu inayoeleza mgawo, sehemu inayoeleza muda, na sehemu inayoeleza kama wimbo unaweza kutumika kufundishia mitambo ya akili bandia. Ombeni mtu anayejua sheria awasomee. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, husajili kazi za sanaa kupitia intaneti, na inaweza kuwaelekeza. Usajili wenyewe si ndio unaowapa haki, ila ni ushahidi mzuri pakitokea ugomvi.

Jambo moja zaidi. YouTube ina mtambo unaoitwa Content ID, ambao husikiliza video na kutambua muziki uliosajiliwa humo. Kama mlikwisha kumpa msambazaji wimbo akausajili humo, basi mteja wa maktaba akiutumia kwenye video yake atapata madai, ingawa amelipa. Atakasirika na maktaba, na maktaba itakasirika nanyi. Waambieni mapema kama wimbo uko kwa msambazaji.

SITA: PESA ZINAKUJAJE?

Ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ada ya kukodisha, ambayo maktaba hugawana nanyi. Nusu kwa nusu ni mgawo wa kawaida, ingawa hutofautiana. Ya pili ni mirabaha, inayolipwa kila wimbo unapotangazwa kwenye televisheni au redio. Hiyo hupitia mashirika ya kukusanya mirabaha. Kenya tunayajua MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wenye rekodi, na PRISK kwa wasanii. Mashirika haya hupewa leseni na KECOBO, kwa hiyo kabla ya kujiandikisha ulizeni KECOBO ni lipi lenye leseni mwaka huu.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme wimbo umekodishwa kwa shilingi 40,000 na mgawo ni nusu kwa nusu. Kikundi kinapata 20,000. Mlikubaliana asilimia 20 iingie mfuko wa kikundi, hiyo ni 4,000. Zinabaki 16,000. Mtunzi anapata robo, yaani 4,000. Zinazobaki 12,000 mnagawana watu wanane, kila mmoja 1,500. Hakuna aliyetajirika, lakini wimbo bado ni wenu, na kesho unaweza kukodishwa tena.

Msisahau makato. Kampuni za Marekani huwataka watu wa nje wajaze fomu ya kodi iitwayo W-8BEN. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo asilimia 30 ya mirabaha inayotoka huko inaweza kukatwa. Kampuni nyingi hulipa kwa PayPal au benki, na tangu mwaka 2018 Wakenya wameweza kutoa pesa za PayPal kupitia M-Pesa, kwa ada. Ni bora pesa ziingie akaunti ya benki ya kikundi yenye sahihi za watu watatu. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 kitaona jambo hili ni rahisi zaidi kuliko kikundi kisicho na cheti.

Na subira. Maktaba nyingi hulipa kila miezi mitatu au sita. Mirabaha inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Nyimbo nyingi hazikodishwi kabisa. Msikope chama kwa kutegemea wimbo ambao bado haujapata mpangaji.

JIHADHARINI

Mtu akiwaandikia, "Wimbo wenu umechaguliwa, tumeni shilingi elfu tano za usajili," simameni hapo. Maktaba ya kweli kwa kawaida hula kwenye mapato, haili kabla. Msimpe mtu neno la siri la akaunti. Msitie sahihi kwa haraka kwa sababu mtu amesema nafasi inafungwa leo jioni. Na mwanachama mmoja asitie sahihi kwa niaba ya wote bila kikao kuandika uamuzi huo katika kumbukumbu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Tuna nyimbo ngapi tulizotunga wenyewe? Je, kila moja ina ukurasa wake kwenye daftari?
2. Rekodi zetu ziko wapi leo? Nyumba ile ikiungua, je, tuna nakala kwingine?
3. Ni nani ametusaidia kuimba au kupiga vyombo na jina lake halijaandikwa?
4. Nani atakuwa karani wa muziki, na nani atamkagua?
5. Pesa zikija, asilimia ngapi iende kwenye mfuko, na mfuko utafanya nini?

Anzeni na wimbo mmoja tu. Mwandikieni kila mtu jina lake, mtie sahihi, mtengeneze kiungo, kisha mtume kwa maktaba moja. Mkiisha kujua njia na wimbo mmoja, wa pili hautawapa taabu.